Niliajiriwa na fraterniti ya Marekani kuzunguka vyuoni kukagua matawi yake. Karibuni

#1 Mzururaji

Wakuu, habari za jioni.

Wiki iliyopita humu kulikuwa na mabishano kuhusu yale majumba ya wanafunzi wa Marekani yenye herufi za Kigiriki juu ya mlango. Mmoja kasema ni Freemason, mwingine kasema ni vilabu vya pombe vyenye jina zuri, wa tatu kasema ndiko wanakopikwa marais. Nilikuwa napita kimya kimya, uvumilivu umenishinda. Nilisoma kule, nikajiunga na fraterniti, na nilipohitimu makao makuu yake yakaniajiri kuzunguka vyuoni kukagua na kulea matawi. Jina la fraterniti yangu silitaji. Kuna mambo nitayamwaga hapa na sitaki kupigiwa simu na mawakili.

Kwa wasiojua: fraterniti ni chama cha wanafunzi wa kiume, sororiti ni cha wa kike. Zile kubwa zina makao makuu, katiba, jarida, mfuko wa ufadhili na matawi kila kona ya nchi. Ni vitu vya zamani. Mji mdogo wa Oxford, jimbo la Ohio, kilipo chuo kiitwacho Miami University (hakihusiani na ile Miami ya Florida), ndiko zilikozaliwa Beta Theta Pi mwaka 1839, Phi Delta Theta 1848 na Sigma Chi 1855. Siku hizi Indianapolis na vitongoji vyake ndiyo kama mji mkuu wa biashara hii, makao makuu ya fraterniti na sororiti yamejazana pale.

Kila tawi linaongozwa na wanafunzi wenyewe. Rais ana miaka 20, mhazini ana 19, na mikononi mwao kuna nyumba ya kulala watu 60, mpishi wa kuajiriwa, na bajeti ambayo mfanyabiashara wa Kariakoo angeiheshimu. Makao makuu yatajuaje kinachoendelea huko? Yanamtuma mtu. Na huyo mtu ana miaka 22 au 23, kavua joho la mahafali mwezi Mei. Ndiye mimi. Utamu wote wa kazi hii na ubovu wake wote uko hapo: anatumwa kijana kwenda kukagua vijana.

Maisha yenyewe sasa. Ukipata kazi unaambiwa kabisa usipange chumba, hutakitumia. Kiangazi unafundishwa kanuni, bima, mahesabu, na namna ya kukaa na tawi lililofiwa. Agosti unapewa gari la ofisi, kadi ya mafuta na orodha ya matawi yako, kisha unapotea mpaka Mei. Eneo langu lilikuwa katikati ya nchi, kuanzia Indiana hadi Kansas na Oklahoma, baadaye nikaongezewa kipande cha kusini. Barabara ya I-70 nimeikariri. Ukiiacha St. Louis kuelekea magharibi ni mashamba, mabango ya Yesu na mabango ya mawakili wa ajali, yanapokezana.

Kulala ni hoteli ya kando ya barabara au ndani ya nyumba ya tawi, na nyumba za tawi ni bahati nasibu. Kuna za Kansas na Oklahoma zenye mama mlezi anayeishi humo humo, meza inaandaliwa, vijana wamevaa mashati ya kola na hawagusi uma mpaka mama akae. Na kuna ambako unaonyeshwa kochi chumba cha chini ya ardhi, sakafu inanata kwa bia ya Jumamosi mpaka kiatu kinagoma kuinuka. Begi langu lilikuwa na suti, shuka zangu mwenyewe, na ndala. Anayesema hii ni kazi ya suti mwulizeni kama amewahi kuliona bafu la vijana 60.

Nikitulia nitaeleza ziara yenyewe inavyokwenda. Ulizeni.

#2 Jiwe la Kusagia

Siti ya mbele kabisa. Ila mkuu, mpaka hapa harufu ya chai naisikia. Mbongo anawakaguaje Wazungu?

#3 mama wa Likoni

Nafuatilia mwanangu. Binti yangu yuwaanza chuo Alabama na washamjaza kichwa na hizi sororiti. Nitauliza nikishasoma yote.

#4 Binamu wa Moro

Jibu moja tu mkuu. Ni Freemason au si Freemason? Usizunguke.

#5 Mzururaji

Binamu, si Freemason, ila pua yako haikukosea sana. Cha kwanza kabisa chenye herufi za Kigiriki, Phi Beta Kappa, kilianzishwa Desemba 1776 chuo cha William & Mary kule Virginia, na kilikuwa na kiapo, siri na namna yake ya kushikana mikono. Leo ni jumuiya ya wanafunzi wenye alama za juu tu. Waliofuata karne ya 19 waliiga sana mitindo ya vyama vya siri vya wakati wao, Freemason wakiwemo. Ipo hata moja, Acacia, iliyoanzishwa Michigan mwaka 1904, ambayo mwanzoni ilipokea Freemason peke yao.

Siri zenyewe? Nenosiri, salamu, maana ya herufi, na sherehe ya kiapo. Nimekula kiapo kwa hiyo naishia hapo. Naweza kusema tu kwamba kila ziara nilikuwa nakagua sanduku la vifaa vya kiapo: majoho yamefuliwa? Kitabu kipo na kimefungiwa? Kitabu kilitakiwa kuwa kwenye sefu. Kwa kawaida nilikikuta chini ya kitanda cha mtu, kimelaliwa na boksi la piza. Shetani gani huyo anavumilia hivyo?

Jiwe la Kusagia, chai utaimaliza peke yako. Makao makuu huajiri watu wake wenyewe, hasa waliowahi kuongoza tawi, na mimi nilikuwa rais wa la kwangu. Wazungu niliwakagua vizuri tu, ila usidhani niliingia kila mlango kwa heshima. Kuna tawi moja nilifika nimevaa suti na beji ya fraterniti kifuani, kijana akafungua mlango, akanitazama mikononi, akauliza chakula kiko wapi. Alidhani ni mtu wa kuleta oda. Nikamwambia nimekuja kukagua vitabu vya fedha. Rangi aliyobadilika siwezi kuieleza.

#6 Jiwe la Kusagia

Hahahaaa. Endelea, nimefuta neno chai kwa muda.

#7 Mzururaji

Ziara sasa.

Unakaa siku mbili au tatu. Kabla hujafika umeshasoma faili la tawi: wanachama wangapi, wanadaiwa kiasi gani, alama zao za masomo, kesi zao. Ukifika unaonana na rais, mhazini, msajili, anayesimamia wanachama wapya, na anayehusika na usalama wa sherehe, mmoja mmoja. Unakwenda ofisi ya chuo inayoshughulika na vyama hivi, huko ndiko utaambiwa ambayo tawi halikukuambia. Unamtafuta mlezi, ambaye mara nyingi ni mhitimu wa zamani mwenye duka la bima au ofisi ya uwakili mjini. Jumapili usiku unakaa kwenye mkutano wa tawi. Usiku wa mwisho unaandika ripoti, asubuhi unaondoka.

Kati ya hivyo vyote, mimi mapenzi yangu yalikuwa kwa mhazini. Watu wanadhani ugomvi wa kazi hii ni pombe. Pombe ni matokeo. Ukitaka kulijua tawi, fungua vitabu vyake vya fedha.

Nawapa kisa. Tawi moja kubwa, nyumba ya matofali yenye nguzo nyeupe mbele. Mhazini kijana mpole, kanyoosha shati, kaniandalia kompyuta na kahawa. Orodha yake: wanachama 71. Kila kitu kinalingana, hata senti. Nikamsifu. Nikaomba nikanyooshe miguu, nikatoka kwenye korido.

Ukutani kwenye nyumba hizi kuna picha za pamoja. Kila mwaka mpiga picha anakuja, kila mwanachama anapigwa peke yake na tai, halafu nyuso zote zinapangwa kwenye ubao mmoja mkubwa wenye fremu, jina chini ya kila uso. Nyumba kongwe ina miaka mia ya nyuso ukutani. Ubao mpya kabisa ulikuwa karibu na ngazi. Nikasimama nikahesabu safu kwa safu, kidole kwenye kioo. Nyuso 94.

Nikarudi, nikakaa, nikanywa kahawa. Nikamwuliza: yule wa miwani, safu ya tatu, wa pili kutoka kulia, ada yake analipia wapi? Kijana akatazama dirishani muda mrefu.

Iko hivi. Makao makuu hutoza ada na bima kwa kila kichwa. Ukificha vichwa 23 umeokoa pesa nyingi. Walikuwa wanakusanya ada kamili kwa wote 94, wanapeleka taarifa za 71, na tofauti inanunua vinywaji. Sasa siku mtu akianguka kutoka kwenye paa, na aliyeandaa sherehe hayumo kwenye orodha, kampuni ya bima inauliza swali moja tu: huyu ni nani? Hapo nyumba ya mamilioni ya dola, ambayo kisheria ni mali ya kampuni ya wahitimu na ina mkopo wa benki, inabaki uchi.

Ndiyo maana nasema anayeziongoza fraterniti ni bima. Miaka ya 1980 makampuni ya bima yalianza kuzikimbia. Mwaka 1987 kadhaa zikaungana zikaunda FIPG ili zipate bima, na kanuni za sherehe zikazaliwa kutokana na hapo: pesa ya tawi isinunue pombe, mapipa ya bia marufuku, wageni waandikwe majina, mtu aje na chake au auze mwenye leseni. Mwaka 2018 umoja wao mkubwa, NIC, ukapiga kura pombe yenye kilevi zaidi ya asilimia 15 isiingie kwenye majumba kuanzia Septemba 2019, labda iuzwe na mwenye leseni. Nilizifundisha kanuni hizi chumba hadi chumba. Vijana walizijua kuliko mimi, na walijua pia kila mlango wa nyuma.

#8 Kaka wa ATL

Uzi mzuri mleta mada, ila acha niweke sawa jambo moja, watu wasidhani fraterniti ni hizo za nguzo nyeupe tu. Mimi ni wa upande wa pili, zile fraterniti na sororiti tisa za Wamarekani weusi. Alpha Phi Alpha ilianzishwa chuo cha Cornell mwaka 1906, sororiti ya Alpha Kappa Alpha (AKA) chuo cha Howard 1908, na baraza letu likaundwa Howard 1930. Martin Luther King alikuwa Alpha. Nkrumah na Azikiwe walikuwa Phi Beta Sigma, watu wanaosoma historia ya Afrika wanaruka ukurasa huo. Kamala Harris ni AKA.

Tofauti kubwa na ya kwenu: sisi wengi hatuna majumba, na mtu haachi akihitimu. Kuna matawi ya watu wazima, tunalipa ada mpaka uzeeni. Anayekuja kuangalia vijana ni mzee wa miaka 50 mwenye kazi yake, anajitolea, halipwi. Yule huwezi kumdanganya kwa kahawa.

Na tusijisifu. Mwaka 1990 vyama vyetu vilifuta rasmi ule utaratibu wa kuwasotesha wanaoomba kuingia. Ukaingia chini ya ardhi, na bado tunazika vijana.

#9 Mzururaji

Kaka wa ATL, hapo umenimaliza, na sibishi. Kile ulichonacho, mtu mzima anayerudi kila wiki, ndicho kilichokosekana kwenye matawi mengi niliyopita. Mimi nilikuja mara moja au mbili kwa mwaka. Tawi lenye mlezi anayekuja kula nao kila Jumatatu nililijua kabla ya kuuliza: vijana wanatazamana usoni, na mhazini hakunyooshei shati.

Umegusa na la rangi, nalo niliseme. Zile picha ukutani zinasimulia. Unatembea kwenye korido, 1928, 1941, 1955, 1963, nyuso nyeupe tupu. Hazikuwa hivyo kwa bahati mbaya. Katiba za nyingi zilikuwa na kifungu cha kuzuia weusi, na mara nyingi Wayahudi pia. Mwaka 1948 tawi la Phi Kappa Psi pale chuo cha Amherst lilimkaribisha mwanafunzi mweusi, makao makuu yakalifuta tawi. Vifungu vilikuja kuondolewa baadaye, kimoja kimoja, kwa kusukumwa. Halafu Machi 2015 mkaona wenyewe ile video ya wale wa Sigma Alpha Epsilon chuo cha Oklahoma wakiimba wimbo wa ubaguzi ndani ya basi, tawi likafungwa ndani ya siku moja. Nilikuwa nikipita kwenye korido hizo usiku nikienda kupiga mswaki, na nilikuwa nasimama kuutafuta uso wa kwanza kama wangu. Kwenye baadhi ya nyumba ni wa miaka ya 1970. Kwenye moja nilikuwa natafuta bado nikafika mwisho wa korido.

#10 Binamu wa Moro

Mkuu haya ya kusotesha wageni tueleze. Sisi bweni tulikuwa njuka, tunafua soksi za form four na kuimba juu ya kitanda. Yao inafanana?

#11 Mzururaji

Mwanzo wake unafanana kabisa: njuka anatumwa, anafua, anaamshwa saa tisa usiku, anakaririshwa historia. Tofauti ni pombe kali na usiku mmoja wa kukutanishwa na "kaka mkubwa" wake, ambapo njuka anapewa chupa nzima. Mwaka 2017 peke yake walikufa njuka wanne kwenye fraterniti za vyuo vinne: Penn State, LSU, Florida State na Texas State. Ndio mwaka uliobadilisha sheria. Pennsylvania na Louisiana zilipitisha sheria kali mwaka uliofuata, kila moja ikibeba jina la kijana wake aliyefariki, Timothy Piazza na Max Gruver. Ohio ikafuata 2021. Kabla ya hapo sehemu nyingi kosa hili adhabu yake ilikuwa kama ya kuegesha gari vibaya.

Vyama vingine vilijaribu kuung'oa unjuka wenyewe. Lambda Chi Alpha waliufuta 1972, Zeta Beta Tau 1989, Sigma Alpha Epsilon 2014. Maoni yangu: kwenye karatasi ni hatua nzuri, lakini nimelala kwenye nyumba ambazo neno limefutwa na mambo yapo.

Unayajuaje? Mwanachama mpya haongei, amekatazwa. Unaangalia. Nani anaosha vyombo usiku? Ukiingia jikoni, nani anasimama ghafla na mgongo kunyooka? Kwa nini wote wa mwaka wa kwanza wamevaa suruali ya rangi moja siku ya Alhamisi? Alama za mtihani za kundi la vuli zimeporomoka kuliko za wenzao wa bweni la chuo? Nilikuwa napenda kuwachukua wawili watatu twende kula baga nje ya nyumba, bila mkubwa yeyote. Siulizi unyanyasaji. Nauliza: Jumanne usiku huwa mnafanya nini? Wakitazamana kabla ya kujibu, nimeshajibiwa.

Na hapa ndipo kazi inapokuvunja. Vijana wanakuita ndugu, na kweli wewe ni ndugu yao, mmekula kiapo kimoja. Mnacheka, mnacheza mpira uani. Usiku mmoja anakuja kugonga mlango, amekaa ukingoni mwa kitanda, anasema kaka nina jambo. Unatakiwa umkatize palepale umwambie: ukinieleza, kesho asubuhi lazima nipige simu ofisini. Ofisi ilitufundisha tuseme hivyo na ni haki yake kujua. Basi anakuangalia, anasema aa, ilikuwa kuhusu mahesabu tu. Anaondoka. Sijui ni kazi gani nyingine ya kijana wa miaka 23 inayomweka kwenye kona hiyo.

#12 Jiwe la Kusagia

Duh. Na tawi likishagundulika, inakuwaje?

#13 Mzururaji

Kwanza linasimamishwa, hakuna sherehe wala mkutano. Kisha tunakuja wawili wawili kumhoji kila mwanachama. Tunakodi chumba cha mikutano chuoni, meza, viti vitatu, boksi la tishu. Kila mtu ana dakika kumi au kumi na tano. Maswali ni yale yale: kwa nini ulijiunga, nini kimetokea, wewe ulikuwa wapi. Wanakuja na tai, wengine na karatasi waliyoandikiwa na wakili wa baba. Wakishafika kama ishirini unasikia sentensi zile zile kwa mpangilio ule ule, unajua jana usiku kulikuwa na kikao. Mwisho wa zoezi orodha inakatwa: hawa wanabaki, hawa wanaondolewa. Ikishindikana, hati ya tawi inachukuliwa. Mimi nimewahi kuitoa ukutani kwa bisibisi mwenyewe, nikaifunga kwenye blanketi nikaiweka kiti cha nyuma cha gari.

Ambao hamtawategemea kuwa wakali ni wahitimu. Vijana wanalia, wanahama, wanasahau. Mzee wa miaka 65 aliyeweka saini mkopo wa nyumba ndiye anayekupigia simu saa nne usiku, maana nyumba bila wapangaji haijilipi. Wananyamazisha mengi kwa ajili ya mkopo huo. Ukiniuliza kwa nini matawi mabovu hudumu, nitakuambia tafuta deni la nyumba.

Kufungua tawi jipya ni kinyume chake, na ndiyo sehemu niliyoipenda. Unakaa chuo kimoja wiki nyingi mfululizo, hamna nyumba wala jina, una meza moja na bango. Unakwenda kwenye sororiti kuwauliza: mvulana gani chuoni hapa ana adabu na hajajiunga popote? Wale wanajua. Unapata majina, unawaalika kahawa, mmoja baada ya mwingine mpaka tumbo linakataa. Wanaokubali ni wale waliosema hawataki kabisa fraterniti.

#14 Msaka Visa

Mkuu mshahara na makaratasi. Mwanafunzi wa kutoka huku anaweza kuipata?

#15 Mzururaji

Anaweza, kwa shida. Mshahara wangu ulikuwa dola 30,000 na kitu kwa mwaka, ila hulipi kodi ya nyumba, mafuta ni yao, na chakula unapewa posho. Wengine walitoka na akiba nzuri. Wengi hawapiti mwaka wa pili, wanaingia mauzo au wanarudi kusomea uzamili wa uongozi wa vyuo.

Makaratasi: mwenye viza ya F-1, ile ya mwanafunzi, anatumia OPT, ruhusa ya kufanya kazi miezi 12 baada ya kuhitimu, na kazi lazima iendane na ulichosomea. Mimi nilisoma mambo ya uongozi wa taasisi, ikapita. Mwenye shahada ya kemia atapata tabu kueleza. Halafu sharti la kuripoti anwani ndani ya siku 10 ukihama, sasa wewe unahama kila Jumatano. Nilikaa na ofisi ya wanafunzi wa kigeni kabla ya kusaini, tukakubaliana ipi iwe anwani yangu ya kudumu, nikatunza barua pepe zote. Usijaribu kulibahatisha hilo. OPT ikiisha unahitaji mwajiri wa kukuombea H-1B, yaani viza ya kazi, na sijakutana na mkaguzi wa matawi aliyeombewa. Leseni ya udereva iwe mkononi mapema, bila hiyo hawakusikilizi.

#16 mama wa Likoni

Mwanangu nimesoma yote, na hapo kwenye hati na bisibisi nimesoma mara mbili. Mimi nataka unambie kama mama. Nimruhusu au nimkataze? Na hizo pesa wanazotaja ni za kweli? Mbona kila siku kuna fulana mpya?

#17 Mzururaji

Shikamoo mama. Kumkataza ataingia tu, tena bila kukwambia. Bora aingie ukijua.

Sororiti zina afadhali kwenye jambo moja: majumba yao kwa kawaida hayaruhusu pombe. Ndiyo maana sherehe zote ziko kwa wavulana. Kwa hiyo swali lako lisiwe tu anajiunga na sororiti ipi, liwe wanakwenda nyumba ya nani wikendi, wanarudi vipi, na nani anabaki hajanywa.

Pesa ni za kweli, na Alabama ni miongoni mwa sehemu za ghali. Kabla hajasaini aombe makadirio ya mwaka mzima kwa maandishi: ada ya kuingia, ada ya mwezi, chakula, mchango wa nyumba hata kama haishi humo, picha, zawadi za kumpa mdogo wake wa sororiti, na faini za kukosa mikutano. Fulana hazimo kwenye makadirio, mama, jiandae. Na siku ya kusaini asiandike jina la sororiti asiyoitaka kwa kuogopa kubaki nje. Ile karatasi inambana: akikubaliwa na aliyoiandika kisha akaikataa, hawezi kujiunga na nyingine chuoni hapo kwa karibu mwaka mzima.

Jingine. Desemba 2024 ilisainiwa sheria ya nchi nzima inayovitaka vyuo vichapishe hadharani majina ya vyama vilivyokutwa na hatia ya kunyanyasa wanachama. Fungua tovuti ya chuo chake, tafuta ripoti hiyo, itafute na ya ofisi inayosimamia fraterniti na sororiti. Soma sororiti anayoitaka, kisha soma fraterniti wanazosherehekea nazo. Ukikuta lugha ya kisheria isiyoeleweka nitumie inboksi, nitakusomea.

#18 mama wa Likoni

Marahaba mwanangu. Nishaifungua, ina kurasa nyingi. Naanza na wavulana.